Nafasi ya Kumi na Mbili

Ofisini walimwita Bi Rula, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa karani mkuu wa uchaguzi katika ofisi ya elimu ya wilaya, kazi aliyoifanya miaka ishirini na mitatu bila kuhamishwa. Kila mwisho wa mwaka yeye ndiye aliyeamua mtoto gani aliyemaliza shule ya msingi anakwenda sekondari gani. Kuamua ni neno kubwa, mwenyewe alisema anapanga tu. Lakini kamuulize mzazi ambaye mtoto wake alipangwa kule bondeni, kwenye shule isiyo na vioo madirishani, kama kupanga na kuamua ni vitu viwili. Atakutolea macho.

Hebu nikueleze kwanza jinsi sekondari za nchi ile zilivyopangwa, maana bila hilo hutaelewa kwa nini mwanamke mzima, mwenye akili zake, alipitisha wiki nzima chakula hakimshuki. Juu kabisa kulikuwa na shule za taifa. Zilikuwa chache, za bweni, zenye maabara na maktaba, na walimu ambao kila mmoja alifundisha somo alilolisomea. Chini yake kulikuwa na shule za mkoa, nazo za bweni, zenye hiki na kukosa kile. Na chini ya zote, zimejaa kila kona, kulikuwa na shule za kutwa. Huko mtoto anatoka kwao alfajiri kwa miguu, anasoma kemia kwa kuchorewa chupa ubaoni, na mwalimu wa hesabu akienda likizo ya uzazi basi hesabu nayo imekwenda likizo. Zote zilikuwa na kidato cha kwanza mpaka cha nne, na mwisho wa cha nne mtihani ulikuwa mmoja, uleule, kwa aliyeshika chupa na kwa aliyechorewa. Anayefaulu anaendelea kidato cha tano na cha sita, kisha chuo kikuu. Anayeanguka anarudi nyumbani na cheti cha kuonyesha wageni. Wakubwa waliliita hilo usawa, tena bila kucheka.

Miezi mitatu kabla ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kila mtoto alipewa kadi ya manjano. Aliijaza mwenyewe kwa kalamu: namba yake ya mtihani, kisha shule tatu anazozitaka, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Jina liliandikwa kwenye pembe ya kadi, pembe ikakunjwa na kugandishwa kwa gundi, lisionekane mpaka uchaguzi umalizike. Matokeo yakitoka, alama zinagongwa kwenye kadi, kadi zinapangwa.

Na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Wazazi waliamini kwamba mtoto akikosa chaguo la kwanza atashukia la pili, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi. Thubutu! Shule za mkoa zilijaa mapema kwa watoto walioziandika chaguo la kwanza. Kwa hiyo aliyelenga shule ya taifa akaikosa kwa alama moja alikuta katikati hakuna hata pa kuweka kidole, akaporomoka moja kwa moja mpaka shule ya kutwa. Mtoto wa kumi na tatu kwa akili katika wilaya nzima aliishia bondeni, na wa mia tatu akalala bwenini. Bi Rula alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Aliandika barua tatu wizarani kulilalamikia. Alijibiwa moja, ikimshukuru kwa ushirikiano wake.

Basi akaacha kuandika. Alijiambia kwamba kama utaratibu wenyewe umepinda, angalau mkono wake yeye hautapinda. Orodha ikikamilika alipiga mstari mwekundu chini ya namba ya mwisho, na ukishapigwa, hata uje na barua ya nani, huongezwi. Kaka yake wa tumbo moja alikuja mwaka mmoja kumwombea binti yake. Akamsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha mlango. Wakakaa miaka sita hawapeani salamu. Watu walimsema, wakamchoka, na kwa siri wakamheshimu, na Bi Rula alikuwa anaipenda heshima hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mwaka ninaokusimulia, kitindamimba wake mwenyewe alikuwa darasa la mwisho. Tumwite Kitinda, kama walivyomwita nyumbani. Bi Rula alimwendea mkubwa wa ofisi mapema kabisa akaomba apumzishwe kazi ya uchaguzi mwaka huo. Mkubwa akacheka.

"Mama, nani mwingine anaijua kazi hii? Mimi?"

Wakakubaliana kwamba kadi za shule ya Kitinda zitapangwa na karani wa pili, mwanamke mmoja mnene mwenye kikohozi kisichoisha, na Bi Rula hatazigusa. Nyumbani nako akatangaza sheria. Habari za kadi zisikanyage ndani ya nyumba hii. Hataki kujua namba ya mtoto wala shule alizoandika.

"Siku hizi nyumba hii ina siri kama kambi ya jeshi," akasema mumewe, ambaye alikuwa fundi bomba na mtu wa mzaha. "Na mimi nikitaka kujua chumvi iko wapi, nijaze fomu?"

Kitinda alicheka, mama hakucheka. Siku kadi zilipojazwa shuleni, mtoto alirudi mbio, begi bado mgongoni, anahema.

"Mama, leo kwenye kadi mwalimu kaniambia mimi ndiye—"

"Kitinda!"

"Lakini mama, siyo ya kwangu, ni ya—"

"Nimesema nini? Nimesema nini katika nyumba hii?"

Mtoto akavua viatu, akatoka kwenda ng'ambo ya barabara kwa rafiki yake. Rafiki huyo alikuwa binti wa fundi cherehani, mama aliyeshona barazani kwake na kumlea mtoto huyo mmoja peke yake tangu akiwa wa kubebwa. Wasichana hao wawili walikuwa chanda na pete. Walisoma kitanda kimoja, walishindana kwa nusu alama, na wakigombana asubuhi, mchana utawakuta wanagawana daftari. Fundi mwenyewe alikuwa jirani wa kweli. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtajia Bi Rula habari za nafasi, hata kwa kuzungukazunguka.

Wiki ya uchaguzi ikafika. Walijifungia katika ukumbi wa mikutano, madirisha yamebandikwa magazeti, meza ndefu zimepangwa, kila meza shule yake. Kulikuwa na kompyuta moja pembeni, imefunikwa kitambaa cha maua, na kazi yake kubwa ilikuwa kufunikwa. Makarani wanne walizunguka meza na mafungu yao ya kadi za manjano. Shule ya taifa ya wasichana ilikuwa imeipa wilaya nafasi kumi na mbili. Nafasi kumi na mbili, kwa wasichana elfu mbili na mia kadhaa.

Siku ya nne karani wa pili akaja na kadi mbili mkononi, anakohoa.

"Bi Rula, za taifa wasichana, kumi na moja zimekaa vizuri, hazina utata. Ya kumi na mbili ndiyo hii. Wamefungana."

"Jumla?"

"Jumla sawa. Hesabu sawa, lugha sawa, sayansi sawa. Nimehakiki mara mbili. Ni mmoja tu anayeingia."

Jambo hilo hutokea mara moja kwa miaka mitano. Kanuni ilikuwa na mstari mmoja tu juu yake: karani mkuu ataamua, na anayebaki ataandikwa wa akiba. Bi Rula akazichukua kadi, akavaa miwani. Moja ilitoka shule ya mbali huko milimani, wino umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Ya pili ilitoka shule ya mjini, na namba ya kituo ilikuwa ya shule ya Kitinda. Mwandiko aliutambua kabla hajasoma neno. Ile herufi ya kwanza yenye tumbo, ile saba iliyokatwa katikati, ule mkia wa g unaojirudi juu, yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti yake kuuandika, mezani jikoni, mwaka ule mtoto alipokuwa hawezi kushika kalamu bila kung'ata ulimi.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Angeweza kumwita mkubwa akasema, hii siwezi, amua wewe. Angeweza kufumba macho akachagua moja. Hakufanya hivyo. Alisimama pale, kadi mkono huu na kadi mkono ule, akaona maisha yake yote ya kazi yanamtazama. Akimpa huyu wa mjini, watasema, si tulijua? Kumbe na yeye ni walewale. Na yeye mwenyewe hatajua kamwe kama alimpa kwa haki au kwa uzazi. Akapiga moyo konde. Kadi ya milimani akaiweka mezani, ikawa ya kumi na mbili. Ile nyingine akaiandika namba kumi na tatu, ya akiba, akaipeleka kwa miguu yake mpaka meza ya mwisho kabisa, ya shule ya kutwa ya bondeni. Kwenye daftari akaandika neno moja: imeamuliwa.

Na mimi nitasema ukweli hata kama mwenyewe angenikunjia uso. Katika dakika ile alijisikia vizuri. Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini chini kabisa ya maumivu kulikuwa na kitu kitamu, kwamba hakuna mwingine katika ofisi ile angeweza kufanya hivyo. Amemtoa mwanawe mwenyewe! Hilo ndilo lililomponza. Hakumtazama mtoto aliyekuwa nyuma ya kadi. Alikuwa anajitazama yeye.

Jioni ile nyumbani alimtilia Kitinda minofu miwili zaidi, akawa hawezi kumtazama usoni. Mtoto akauliza, "Mama unaumwa?" Akajibu ni vumbi la ukumbini.

Jumamosi wakafungua pembe. Ndivyo walivyoita, kufungua pembe: kadi za waliochaguliwa zinachanwa gundi kwa wembe, majina yanasomwa, yanapigwa chapa, na mkubwa anagonga muhuri papo hapo. Bi Rula alikuwa na zile kumi na mbili. Moja, mbili, tatu, akazisoma kwa sauti yake ileile kavu. Ya saba alipoichana, sauti ikakatika.

Lilikuwa jina la mwanawe.

"Hongera mama!" akasema mkubwa. "Wa saba, tena bila kugombana na mtu. Hakuna atakayefungua mdomo."

Wakampigia makofi, karani wa pili akamkumbatia huku anakohoa. Bi Rula akaitazama ile kadi. Herufi yenye tumbo. Saba iliyokatwa. Mwandiko uleule. Akaendelea kusoma mpaka kumi na mbili kama mtu anayeongea usingizini, muhuri ukagongwa, wenzake wakaenda kunywa chai. Alipobaki peke yake alikwenda meza ya mwisho, akachambua fungu la bondeni mpaka akaiona kumi na tatu. Wembe ukamkata kidogo. Akaichana pembe.

Binti wa fundi cherehani.

Alifika nyumbani, akamwita Kitinda chumbani, akamuuliza polepole nani aliyejaza kadi ya rafiki yake.

"Ni mimi," mtoto akajibu. "Kidole chake kilichomwa na sindano ya cherehani, kikavimba hivi, akawa hawezi kushika kalamu. Mwalimu akasema mimi nimjazie kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Si nilitaka kukwambia siku ile ukanikaripia?" Kisha uso ukamchanua. "Kwani vipi, mama? Tumechaguliwa? Wote wawili?"

"Subiri Jumatatu," akasema Bi Rula.

Jumatatu orodha zilibandikwa ukutani nje ya ofisi, na asubuhi hiyohiyo, kabla ya chai, Bi Rula alikuwa ofisini kwa mkubwa. Mkubwa huyu alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alikwenda shule ya taifa kwa mpango wa Bi Rula. Alisimama kumsalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mkubwa, nimekosea kwenye nafasi ya kumi na mbili."

Akamweleza yote, hakuacha kitu. Mkubwa akasikiliza anazungusha kalamu.

"Kanuni inasema karani mkuu ataamua. Uliamua?"

"Niliamua."

"Basi kosa liko wapi?"

"Niliamua nikidhani ni mwanangu."

"Na ukamnyima. Mama, mimi nimeshughulikia malalamiko ya watu waliopendelea watoto wao, mengi tu. La mtu aliyemnyima mwanawe sijalipokea, na sina hata faili la kuliweka."

"Sikumnyima mwanangu!" Sauti yake ilipanda mpaka ikamshangaza mwenyewe. "Nilimnyima mtoto wa mwenzangu. Walikuwa sawa kwa kila kitu, nikamtupa bondeni kwa sababu ya mwandiko. Kama ningemwona ni mgeni kwangu, huenda ningempa yeye. Sijui. Ndiyo uchungu wenyewe, sijui."

Mkubwa akainuka akafunga mlango.

"Sikiliza, mama. Nikiifungua orodha hii kwa mmoja, mchana huu wazazi mia mbili watakuwa hapo nje, na kila mmoja ana kosa lake mkononi. Siwezi. Na yule wa milimani nimtoe kwa lipi? Amekosa nini?" Akakuna kidevu. "Njia ni moja. Unaijua kuliko mimi."

Aliijua. Mzazi wa yeyote kati ya wale kumi na wawili angeweza kuandika barua ya kuachia nafasi, mwisho Ijumaa saa tisa alasiri, na wa akiba akapanda mwenyewe bila kuulizwa. Na katika wale kumi na wawili alikuwepo mtoto mmoja tu ambaye Bi Rula angeweza kumwandikia barua.

Akarudi mezani kwake akaiandika. Mistari minne, sahihi, tarehe. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

Kitinda alikuta mama amekaa jikoni, akamwingilia kama upepo, analia. Alikuwa ameona orodha. "Mama, hayupo! Nimesoma mara tatu, hayupo! Kawekwa bondeni! Alama zake ni kubwa, mama, tulihesabu naye. Imekuwaje?"

Mwanamke ambaye hakuwahi kudanganya mtu katika kazi yake alinyanyua macho.

"Nafasi zilikwisha, mwanangu."

Ulikuwa uongo uliofanana na ukweli, na ndio mbaya zaidi. Usiku huohuo, walipobaki wawili, alimwonyesha mumewe ile barua. Fundi bomba akaisoma, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Ukiipeleka, Kitinda anakwenda wapi?"

"Kutwa. Kule bondeni."

"Kule ulikoniambia katika miaka kumi wamepata wangapi kidato cha tano?"

"Wawili."

"Wawili," mumewe akarudia. "Mtoto kafanya mtihani mwenyewe, kashinda mwenyewe, hakubebwa na mtu. Umkamate mkono umtupe huko kwa sababu wewe mama yake umekosea? Kosa lako alipe mtoto? Huo ndio unyoofu?"

"Na huyu wa pili anayelilipa sasa, si mtoto?"

Mume akainuka, akachukua spana, akaenda uani kukaza bomba ambalo halikuwa linavuja.

Jumanne barua ikaenda ofisini ndani ya mkoba, ikarudi. Jumatano ikaenda, ikarudi. Alhamisi asubuhi alitoka nayo mkononi kabisa, akafika ngazi ya pili ya ofisi ya mkubwa, akakumbuka kwamba Kitinda alikuwa ameanza kupanga nguo zake kwenye sanduku la zamani la babu yake, na kwamba kila akiweka nguo moja alikuwa anakaa kitandani anaitazama, furaha na huzuni zimemchanganya. Akageuka. Alikuwa hali chakula. Alilala macho wazi, akahesabu mabati ya dari. Mara aliona wazi kabisa kwamba haki ni kuipeleka, hakuna mjadala. Mara aliona wazi vilevile kwamba mama anayemtoa mwanawe mara ya pili, safari hii akiwa anajua kila kitu, si mwadilifu bali ni mwendawazimu. Alijichukia kwa lile na kwa hili.

Ijumaa saa nane na nusu alikwenda akakaa kwenye benchi nje ya mlango wa mkubwa. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake. Katibu muhtasari akamuuliza, "Unataka kuingia, Bi Rula?" Akasema, "Ngoja kidogo." Watu waliingia wakatoka. Alikaa na mkoba magotini, mikono yote miwili juu ya kifungo chake. Katika miaka ishirini na mitatu alikuwa amewadharau watu wa namna hiyo, wanaokaa kimya mpaka muda uwaamulie kisha waseme haikuwa shauri lao. Saa tisa ikagonga. Katibu muhtasari akafunga jalada la barua, akalitia kabatini, akamtazama tena. Bi Rula akainuka, akamwambia hakuna kitu, alikuwa anapumzisha miguu tu. Barua aliichana vipande chooni na akavuta maji mara mbili.

Wiki mbili baadaye Kitinda akahitaji sare za shule ya taifa, sketi mbili na blauzi tatu. Bi Rula alitaka wazipeleke kwa fundi mwingine, mtaa wa tatu. Kitinda akakataa katakata. "Nitamtazamaje, mama, nikishonewa kwa watu wengine?" Basi wakavuka barabara. Njiani Bi Rula akakata shauri kwamba leo atasema. Atamwita Fundi pembeni amwambie, tena kwa maneno machache, na litakalokuwa liwe.

Fundi akawapokea kwa vigelegele. Akatoa futi yake shingoni, akamgeuza Kitinda huku na huku, akampima kiuno, mabega, urefu wa sketi. "Nitakuachia pindo kubwa, maana wewe bado unakwenda juu. Miaka minne si mchezo." Kwenye cherehani ya pili, ukutani, binti yake alikuwa anapiga pindo sketi ya rangi nyingine, ile ya kahawia ya shule ya bondeni. Alisimama akamsalimu Bi Rula kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nilitaka kukuuliza. Ni kweli kwamba kule kutwa ukifanya vizuri sana, kidato cha pili wanaweza kukuhamishia taifa?"

Uhamisho huo ulifutwa miaka kumi na tatu iliyopita. Waraka wa kuufuta aliupiga chapa Bi Rula mwenyewe.

"Wewe soma kwa bidii," akasema.

Mtoto akaitikia, akarudi kwenye cherehani. Kitinda akamfuata, wakaketi kiti kimoja kama zamani, ila hawakuwa wanaongea. Fundi akamvuta Bi Rula mpaka ukingoni mwa baraza. Sasa, akajisemea Bi Rula. Sema sasa. Akavuta pumzi.

"Fundi, kuna jambo—"

"Ngoja, shoga yangu, niseme mimi kwanza, maana nimelikalia wiki mbili." Fundi akamshika mikono yote miwili, vidole vyake vigumu kwa sindano. "Najua unanionea haya. Nakuona unapita upande ule wa barabara. Usinionee haya. Watu wamekuja hapa kunitia maneno, eti wa kwake kaingia, wa kwako kaachwa, na alama ni zilezile. Nimewafukuza. Nimewaambia, nyie hamumjui yule. Yule alimfukuza kaka yake wa damu. Ofisi ile ingekuwa na mtu mwingine yeyote, mimi leo ningesema mwanangu ameibiwa, na ningekufa na kinyongo hicho. Lakini kwa kuwa ni wewe, najua hakupata kwa sababu hakufikia. Basi. Nimemwambia na mwenyewe hivyohivyo: hukufikia, mwanangu, usimlaumu mtu, jilaumu wewe. Analia, lakini ameelewa." Akafuta jicho kwa ncha ya futi, akacheka kidogo. "Umenipa amani, dada. Nilitaka ujue. Haya, ulikuwa unasema nini?"

Kule ndani cherehani ilikuwa imesimama, na yule mtoto alikuwa ameinamisha kichwa, anafumua mshono aliokosea.

Bi Rula akasema asante. Kisha akauliza sketi zitakuwa tayari lini.